Wasifu wa mbunifu: andika kwanza, pamba baadaye

Mbunifu akinitumia wasifu wake wa kuombea kazi (CV) niupitie, swali lake la kwanza karibu kila mara ni la sura. Nitumie fonti gani? Niweke picha yangu? Rangi hii imezidi? Ni nadra mtu kuuliza kama sentensi zake zinaeleweka. Maswali hayo yamenijia mara nyingi mno, kwa hiyo nayajibu hapa yote pamoja, kwa mpangilio uleule ninaoufuata ninapokaa na mtu tukaufumua wasifu wake na kuushona upya.

Mwongozo huu ni wako ukiwa dizaina wa michoro, mpigapicha, mhariri wa video, mchoraji wa vielelezo, mwandishi wa matangazo au msanifu wa tovuti na programu za simu. Kumbuka kwamba wasifu wako una wasomaji watatu. Wa kwanza mara nyingi ni programu ya kompyuta inayochambua maombi na kuyapanga kwenye hifadhidata. Wa pili ni afisa ajira, mwenye rundo la maombi na dakika chache. Wa tatu ndiye mkuu wa ubunifu, yule atakayeona hata nafasi mbaya kati ya herufi mbili. Wengi wetu tunampambia huyu wa tatu, na wasifu unakwama kwa wale wawili wa mwanzo.

Andaa haya kabla ya kuanza

- Matangazo matatu ya kazi unayoitaka kweli. Yachapishe au yanakili mahali pamoja, kisha pigia mstari maneno yanayojirudia.
- Orodha ghafi ya kazi ulizofanya miaka mitano iliyopita. Kila moja iwe na jina la mteja au mwajiri, mwezi na mwaka, ulichofanya wewe, na walichofanya wengine.
- Jalada la kazi zako mtandaoni, hata likiwa na kazi sita tu.
- Programu ya kuandikia maandishi matupu, na nyingine ya kupanga kurasa. InDesign na Affinity zinafaa sana. Word au LibreOffice Writer pia zinatosha, ukizitumia kwa utulivu.
- Mtu mmoja asiye mbunifu ambaye atakubali kukusomea.
- Jioni mbili: ya kwanza ya maneno, ya pili ya mpangilio. Usizichanganye. Ukianza kusogeza visanduku huku bado unaandika, utakata sentensi nzuri ili zitoshee kwenye kisanduku.

Hatua ya 1: Andika wasifu wote bila mapambo

Fungua programu ya maandishi isiyo na rangi wala fonti za kuchagua. Andika kila kitu kwa mpangilio huu: jina na mawasiliano, muhtasari, uzoefu, ujuzi, elimu, kisha tuzo au maonyesho kama unayo. Kama umehitimu juzi na uzoefu ni mdogo, elimu inaweza kupanda juu ya uzoefu. Kazi ya karibuni itangulie na ya zamani ifuate nyuma.

Ukimaliza, isome kwa sauti. Ikichosha bila mapambo, itachosha pia ikiwa imepambwa.

Hatua ya 2: Nyoosha kichwa

Chini ya jina weka cheo kimoja kinachotambulika, na ikiwezekana kifanane na cha tangazo. "Mbunifu" pekee hakimwambii mtu chochote. "Dizaina wa michoro, chapa na vifungashio" kinatosha. Ukijiita dizaina, mpigapicha, mshauri wa mikakati na mwandishi kwa wakati mmoja, msomaji atashindwa kujua akuite kwa lipi. Kama kweli unafanya kazi mbili, tengeneza wasifu mbili.

Kisha weka simu, baruapepe, mji unaoishi na kiungo cha jalada. Andika neno "Simu" kwa herufi. Usitegemee alama ya simu peke yake, kwa kuwa programu nyingi haziisomi. Tarehe ya kuzaliwa, dini, hali ya ndoa na namba ya kitambulisho acha, isipokuwa tangazo limevidai waziwazi.

Hatua ya 3: Muhtasari wa mistari mitatu

Mstari wa kwanza useme wewe ni nani na umefanya kazi hiyo kwa muda gani. Wa pili utaje aina ya kazi na aina ya wateja. Wa tatu ueleze unachokiweza ambacho tangazo linakihitaji. "Nina shauku", "nafikiri nje ya boksi", "mchapakazi hodari": futa yote. Kila mwombaji ameyaandika, na hakuna kati yao anayeweza kuyathibitisha.

Mfano mzuri kuliko wote ninaoujua ni wa zamani sana. Mnamo 1482 hivi, Leonardo da Vinci aliandaa barua ya kujitambulisha kwa Ludovico Sforza, mtawala wa Milan. Alitaja kwa pointi zilizohesabiwa madaraja mepesi ya kubebeka, namna ya kukausha maji ya handaki la ngome, mizinga, magari ya vita yaliyofunikwa. Uchoraji aliugusa karibu na mwisho. Alijua anayeandikiwa ana mawazo ya vita, akaanza na haja ya msomaji. Nawe jiulize: anayeajiri ana shida gani asubuhi ya leo, na ni ipi kati ya kazi zako inayoigusa?

Hatua ya 4: Geuza majukumu yawe kazi zilizofanyika

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na hapa ndipo wasifu nyingi zinapoharibika. Watu hunakili maelezo ya ajira yao: "kusimamia usanifu", "kuhusika na upigaji picha", "kushirikiana na timu". Hayo ni majukumu uliyopewa. Msomaji anatafuta ulichokitoa mkononi.

Kwa kila mstari jibu maswali manne: Ulitengeneza nini? Kwa nani? Katika masharti gani? Kilikwenda wapi, au kilibadilisha nini? Si lazima yote manne yaingie kila mara, lakini mawili ndiyo kiwango cha chini. Tazama mifano hii niliyoitunga:

*Kabla:* Kusimamia machapisho ya mitandao ya kijamii.
*Baada:* Nilisanifu violezo 12 vya machapisho kwa duka la vitabu. Wafanyakazi wasio madizaina huvijaza wenyewe, na tangazo lililokuwa likingoja siku mbili sasa hutoka siku hiyohiyo.

*Kabla:* Kupiga picha za bidhaa.
*Baada:* Nilipiga na kuhariri picha za bidhaa 180 za katalogi ya samani kwa siku 4, peke yangu.

*Kabla:* Kuhariri video za mafunzo.
*Baada:* Kutoka saa 9 za picha ghafi nilihariri filamu ya mafunzo ya dakika 22, pamoja na vipande 6 vya sekunde 30 kwa ajili ya simu.

Utaona hakuna aliyedai kwamba mauzo yalipanda. Wengi huniambia, "Sina takwimu, mteja hakunipa." Takwimu za mauzo huwa kwa mteja, lakini za kazi yenyewe unazo: kurasa ngapi, siku ngapi, lugha ngapi, matoleo mangapi, timu ya watu wangapi. Kama unaona kuna matokeo ya kibiashara, mwandikie mteja wa zamani umuulize; wengi hujibu kwa furaha. Usibuni. Siku ya usaili utaulizwa ulipimaje, na hapo uso utakusaliti kabla ya mdomo.

Tahadhari kuhusu kazi za pamoja. Kampeni moja inaweza kuwa na watu kumi nyuma yake. Ukiandika "nilitengeneza kampeni" na mwingine wa timu ileile akaandika hivyohivyo, wasifu zote mbili zikifika meza moja, ninyi wawili mmejiharibia. Taja kipande chako: "Michoro na mpangilio wa kurasa; mkakati na maandishi yalifanywa na wenzangu." Mtu anayeajiri timu hupenda kumwona mwombaji anayejua mipaka ya kazi yake.

Kila ajira ipe mistari mitatu hadi mitano. Ile ya miaka kumi iliyopita ipe mmoja, au iache. Mstari wenye nguvu zaidi uwe wa kwanza.

Hatua ya 5: Kazi za kujitegemea na kazi za siri

Ukiorodhesha wateja kumi na tano wa mwezi mmojammoja kama ajira kumi na tano, utaonekana mtu asiyekaa mahali. Wakusanye chini ya kichwa kimoja, "Dizaina wa kujitegemea, 2021 hadi sasa", kisha taja kazi nne au tano bora, kila moja na mteja wake.

Kama ulisaini mkataba wa usiri, heshimu ulichosaini. Eleza aina ya mteja bila jina, kwa mfano "benki ya biashara" au "kampuni ya vinywaji", na usiweke picha ya kazi hiyo kwenye jalada hadi upate ruhusa ya maandishi.

Kazi za kujifunzia zinaruhusiwa ukiziita kwa jina lake. Kuchora upya kifungashio cha kampuni kubwa kisha kuandika kana kwamba kampuni hiyo ndiyo iliyokiagiza ni udanganyifu, hata kama mchoro ni mzuri.

Hatua ya 6: Ujuzi bila asilimia

Zile pau za "Photoshop 85%, Illustrator 70%" ziondoe leo. Asilimia 85 ya nini? Anayeijua programu kwa undani huwa anaona mengi asiyoyajua, na anayeanza hujipa 95. Badala yake panga kwa makundi: programu unazotumia kila wiki, ulizowahi kutumia kwenye kazi ya kulipwa, na stadi zisizo za programu kama upangaji wa fonti, upangaji wa rangi za video, uongozaji wa upigaji picha.

Taja majina kamili yalivyo kwenye tangazo: After Effects, Figma, DaVinci Resolve. Programu ya kuchambua maombi inaweza kutafuta neno lilelile, na kifupisho chako kikapotea.

Hatua ya 7: Karatasi, pambizo na safu

Sasa ni jioni ya pili. Karatasi ni A4, milimita 210 kwa 297. Kama unaomba Marekani au Kanada, tumia Letter, ambayo ni pana kidogo na fupi: takribani milimita 216 kwa 279. Acha pambizo za milimita 18 hadi 25 kila upande. Nafasi tupu inamwonyesha mkuu wa ubunifu kwamba unajua kuchagua.

Tumia safu moja kwa maandishi makuu. Najua inaonekana ya kawaida, na najua violezo vingi vya mtandaoni vina utepe wa rangi kushoto wenye picha na pau. Lakini baadhi ya programu zinazochambua maombi husoma mstari kutoka ukingo hadi ukingo, na safu mbili hugeuka uji. Wasifu wangu wa zamani ulikuwa wa safu mbili, na niliupenda. Siku moja niliupakia kwenye fomu ya maombi iliyojijaza yenyewe, nikaona jina la programu ya kuhariria limekaa mahali pa jina la mwajiri. Nilikuwa nimeshautuma kwingi, na iliniuma. Ukitaka safu ya pili, iwe nyembamba, ya tarehe tu.

Mistari iwe na herufi 45 hadi 75 hivi, ukihesabu na nafasi. Ukurasa mmoja unatosha kwa mwenye uzoefu usiozidi miaka saba au minane. Baada ya hapo kurasa mbili. Ukurasa wa pili wenye mistari minne tu upunguze au ujaze.

Hatua ya 8: Fonti na rangi

Fonti moja yenye uzito mbalimbali, yaani nyembamba hadi nene, inatosha, na mbili ndizo mwisho. Za bure zenye ubora zipo: Source Sans, ambayo Adobe ilitoa mwaka 2012, IBM Plex, Inter, Lato. Maandishi ya kawaida yawe pointi 9.5 hadi 11, na umbali kati ya mistari uwe asilimia 120 hadi 145 ya ukubwa huo. Vichwa vya sehemu vitofautishe kwa kitu kimoja tu: ukubwa, au unene, au rangi. Kichwa kikubwa, kinene, chenye rangi na mstari chini yake kinapiga kelele.

Nafasi juu ya kichwa iwe kubwa kuliko iliyo chini yake, ili kichwa kishikamane na maandishi yake. Kosa hili dogo nimeliona hata kwa madizaina wazoefu.

Rangi ya ziada iwe moja, kwenye vitu vichache. Jihadhari na kijivu hafifu, ugonjwa wa taaluma yetu. Mwongozo wa WCAG unaohusu kusomeka kwa maandishi kwenye skrini unataka uwiano wa utofauti wa mwangaza wa angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na usuli. Juu ya nyeupe, kijivu #767676 kinapita kwa shida, na #999999 hakipiti kabisa.

Picha yako? Nchi nyingine waajiri huitarajia, nyingine huikwepa ili kuzuia upendeleo. Bila maagizo, iache, na nafasi hiyo uipe kazi.

Hatua ya 9: Unganisha na jalada

Kiungo kikuu kikae juu, kimeandikwa kwa ufupi na kinabofyeka. Kisha, kwenye kazi mbili au tatu bora, weka kiungo kinachopeleka moja kwa moja kwenye ukurasa wa kazi hiyo, ili msomaji asitafute. Majina ya kazi kwenye wasifu na kwenye jalada yafanane neno kwa neno.

Jaribu viungo kwenye simu ya mtu mwingine, kwa sababu kwako umeshaingia kwenye akaunti na kila kitu kinafunguka. Mara ngapi nimekuta "omba ruhusa ya kufungua faili hili"! Msimbo wa QR una maana kwenye nakala ya karatasi tu.

Hatua ya 10: Toa PDF na uijaribu

Usigeuze herufi kuwa maumbo kabla ya kuhifadhi, na usiuhifadhi wasifu kama picha ndani ya PDF. Kwa macho hauna kasoro. Kwa kompyuta ni ukurasa mtupu. Kwenye InDesign weka maandishi makuu kwenye fremu zilizounganishwa ili mpangilio wa kusoma ubaki sawa.

Jina la faili liwe jina lako na cheo, mathalani "Jina-Ukoo-Dizaina.pdf". "CV mpya mwisho KABISA 3" inaonekana na mwajiri pia. Lenga chini ya MB 2.

Kisha fanya jaribio hili. Fungua PDF, chagua maandishi yote, nakili, bandika kwenye programu ya maandishi matupu. Unachokiona hapo kinakaribia kile ambacho kompyuta ya mwajiri itakiona. Mpangilio umekaa sawa? Namba ya simu ipo? Mwishowe ichapishe kwa rangi nyeusi na nyeupe, na umpe yule mtu wako asiye mbunifu asome kwa nusu dakika. Mnyang'anye karatasi, umuulize: mimi nafanya kazi gani, na nimefanya nini cha maana? Akishindwa kujibu, rudi hatua ya 3 na ya 4, usiguse fonti.

Ukikwama

*Nikibandika, baadhi ya maneno yanakosa herufi.* Mara nyingi ni herufi zilizounganishwa, hasa "fi" na "fl". Neno "filamu" linaweza kutoka bila mwanzo wake. Zima muungano wa herufi kwenye programu yako, utoe PDF upya.

*Jina langu linatoka herufi mojamoja.* Umetenganisha herufi kwa kitufe cha nafasi. Futa nafasi hizo, uongeze umbali wa herufi kwa mpangilio wa fonti.

*Mpangilio unavurugika kwenye kompyuta nyingine.* Umetuma faili la Word, na fonti yako haipo huko. Tuma PDF iliyobeba fonti ndani. Kama tangazo linataka Word, tengeneza nakala yenye fonti ya kawaida kama Arial au Georgia.

*Nina pengo la mwaka mzima.* Liandike kwa mstari mmoja wa kweli: "2022: malezi ya mtoto", "2023: masomo ya uhuishaji". Kuficha kwa kuondoa miezi kwenye tarehe zote kunaonekana haraka.

*Kila ninayemwonyesha ana maoni tofauti.* Wagawe. Asiye mbunifu muulize kama ameelewa. Mbunifu mwenzako muulize kuhusu mpangilio peke yake. Maoni yanayojirudia kwa watu wawili yafanyie kazi. Ya mmoja pima mwenyewe.

*Nimeshatuma, ndipo nikaona kosa.* Kama kosa liko kwenye simu, baruapepe, tarehe au kiungo, tuma nakala sahihi siku hiyohiyo kwa ujumbe mfupi: "Naomba mtumie nakala hii, kiungo cha awali kilikuwa na kasoro." Kama ni koma iliyopotea, liache hilo ombi liende, urekebishe faili lako kuu kabla ya kutuma jingine.